Mita ya Kadzo

Nagawa bili za maji Mashineni,
upande wa bara wa Malindi, pale lami inapokata tamaa
na vumbi jekundu linapokupanda hadi magotini.

Mashine yenyewe sikuikuta.
Wapo wasemao ilikuwa ya pamba, wengine ya korosho.
Nyevu, anayekaanga viazi karai pale kona, anakataa katakata:
"Ya kusaga mahindi! Na mwenyewe alikuwa mkali,
ila akikopesha."
Ilisimama wapi?
Akanyoosha mwiko, mafuta yakadondoka:
"Pale kwa kinyozi."
Kinyozi amekuja juzi kutoka Kitui. Anachojua yeye
ni kwamba kila akichimba shimo la nguzo
kuna chuma huko chini kinamkatalia.

Wageni hukata tiketi kwenda kuitazama nguzo ya Mreno.
Huku hakuna tiketi.
Huku mimi nasoma bili.

Akaunti nambari moja: Kadzo Mwachitu.
Zamani za ndoo na kisima cha maji chumvi
alikwenda ofisini siku kumi na moja mfululizo,
pindoni mwa leso kafunga hela na hasira,
mpaka bomba likaja, likaishia mlangoni kwake,
na foleni ikaanzia hapo.

Akaunti kumi na nne: Shee Bwanaheri, msusi wa makuti,
aliyeezeka nusu ya mtaa, kwake kukivuja.
Kumi na tano: Rading', fundi umeme,
alikuja kwa miezi mitatu kufunga nyaya za hoteli;
leo wajukuu zake wanatukanana kwa Kigiriama safi.

Kadzo alishazikwa.
Kiwanja wanawe wamekikata vipande vinne,
kama muwa wa kugombewa,
na juu ya kipande kimoja imeota ghorofa.
Mita imebaki palepale, chini ya ngazi,
na kila alfajiri wapangaji kumi na wanane
wanafungua mifereji kwa jina lake.
Mwanafunzi wa chuo anaoga, anaimba.
Kadzo anahesabu.

Sasa limesimamishwa bango: Bustani ya Lulu.
Lulu hatujaiona. Bustani ni mwarobaini mmoja
na mbuzi wa Nyevu.
Meneja kanikabidhi fomu:
"Badilisha hilo jina. Marehemu anatutia aibu."

Wiki ya tatu naizungusha mkobani.
Nimeifanya pepeo jua la saa saba,
nimeikalia kwenye ukuta wenye siafu.
Ina nafasi ya jina jipya, nafasi ya sahihi,
haina nafasi ya siku kumi na moja.

Leo nimeinama chini ya ngazi, nikapangusa kioo kwa kidole:
elfu sita mia tatu na tisa.
Nikaandika. Jina nikaliacha.

Pale kona Nyevu alikuwa ameishiwa gazeti
la kufungia viazi.
Mimi nilikuwa na karatasi.