Mkono Unaorudi

Nilianza na kiganja kimoja,
picha niliyojipiga juu ya meza ya fundi simu pale Ngara,
kucha zina wino,
taa ya duka ikinibandika kivuli nisichokitaka.
Nikaukata mkono kutoka kwenye picha
kama mtu amenyaye chungwa kwa ganda moja refu,
polepole, lisikatike.
Vipingili kumi na vinne,
kila kimoja kikisubiri kuambiwa kipinde vipi.

Kamusi inaiita kazi hii uhuishaji.
Kuhuisha: kutia uhai.
Ninachotia mimi ni hesabu.
Huku sifuri, kule moja, na katikati mwendo
unaoanza taratibu, ukakaza, ukalegea kabla ya kufika,
kama ashukaye ngazi gizani
asiyejua kama imebaki moja.

Kerubo hakuniomba mashairi.
Aliniomba maneno sitini ya ishara
yakae kwenye simu,
majirani wajifunze kuzungumza na mwanawe.
"Wote wanampungia tu," alisema,
"kama kwamba kila siku anasafiri."

Kwenye simu yangu, fremu sitini kwa sekunde:
mkono ulipita laini, nikajisifu peke yangu.
Kwenye simu ya Kerubo, ya mkopo,
kioo kimepasuka pembeni, fremu kumi na mbili;
mkono ukaja kama bomba la ploti yetu siku ya Jumanne:
kohozi, hewa, tone, hewa.
"Chakula" kikakwama njiani.
"Asante" ikaning'inia kidevuni
ikawa tusi, au swali, sijui.

Wiki nzima nikawa mtu wa kupunguza.
Nikatoa kivuli. Nikatoa mng'ao wa kucha.
Nikatoa mishipa niliyoichora kwa majivuno saa nane usiku.
Stima ilipopotea nikabaki na asilimia tisa ya betri
na somo moja:
jicho halidai ngozi,
linadai kidole gumba kifike kwa wakati.

Jumamosi nikapanda hadi ghorofa ya nne, Huruma,
mvua ikipiga mabati ya jirani.
Momanyi, miaka tisa, akaipokea simu
bila kunisalimu.
Akatazama. Akatikisa kichwa.
Akaushika mkono wangu wa nyama,
akakisogeza kidole gumba, kiasi cha punje ya mchele,
akanirudishia
kama mwalimu anayerudisha daftari.

Sasa, kulikuwa na kasoro.
Ukiburuta kidole chini ya picha, ishara inakufuata;
ukienda kulia, neno linatimia.
Kushoto sikuwa nimeziba.
Nilikuwa nimeandika kwenye orodha, kwa wino mwekundu:
*zuia kurudi nyuma.*

Momanyi akafungua "nenda".
Mkono ukatoka kifuani, ukaelekea mbali.
Akaburuta kushoto.
Mkono ukarudi.
Akasita.
Kulia: nenda. Kushoto: njoo.
Nenda. Njoo. Nenda. Njoo.
"Funga" akaigeuza, ikafungua.
"Lala" ikaamka.
"Sukari" ikawa upuuzi mtupu, akacheka
kwa ile sauti yake asiyoisikia,
na Kerubo akaiweka pasi wima,
sare ya shule ikifuka mvuke.

Kisha mtoto akatoka mbio mpaka kwenye veranda.
Baba Wanjala wa chumba cha pili alikuwa anaanua nguo.
Alipomwona akainua mkono, akampungia
kama kawaida, ule wa safari njema.

Momanyi akaudaka ukiwa bado hewani.
Akaushika kwa mikono miwili
akauburuta, polepole,
fremu kwa fremu,
kushoto,
mpaka ukagusa kifua cha mwenyewe.

Njoo.

Mzee wa watu akasimama na shuka begani,
akarudia bila kushikwa.
Vibaya. Gumba lake liko mbali kabisa.

Usiku nikafuta mstari mwekundu kwenye orodha.
Ankara sijaiandika bado.