Maji ya Jaa

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Haya, Nyevu ameyazoa kwa kopo la rangi
chini ya jaa, nyuma ya Maweni, Malindi:
meusi kama kahawa iliyolala jikoni siku tatu.
Mna nepi humo, mna betri, maganda ya maembe,
godoro la marehemu shangazi ya mtu.

Kwanza asidi, hadi karatasi iwe nyekundu.
Kisha chumvi ya chuma, kijiko na nusu.
Kisha peroksidi, ile ile ya kuoshea vidonda,
na jaa zima, ndani ya mtungi wa kioo,
likachemka bila moto.

Povu likapanda hadi kwenye saa yake ya mkono.
Yamekasirika, alisema Tsofa mlinzi, akirudi nyuma.
Yanaungama, alijibu Nyevu.

Saa mbili. Chokaa. Kungoja.
Juu, maji ya rangi ya chai ya mgonjwa;
harufu imepungua, haijaisha.
Chini, tope la kutu, vidole vinne.

Na hili tope, akauliza Tsofa,
utalitupa wapi?

Nje lori la kaunti lilikuwa likirudi kinyumenyume,
pi, pi, pi,
na Nyevu bado ameshika kijiko.