Kuhamisha Picha za Studio ya Acidri

Usiku wa tatu, na bado mstari wa kijani unatambaa
kama jongoo aliyekanyagwa nusu.
Asilimia sitini na moja.
Arua imelala. Jenereta ya duka la dawa ng'ambo ya barabara
ndiyo pekee inayonikoromea.

Baba alizipanga picha zake katika programu moja kuukuu
ambayo waliomzaa wamekwisha kuitupa;
kila ninapoifungua inadai leseni
kama askari wa kizuizini, anayejua huna.
Picha elfu kumi na moja, mia nne na sita:
harusi za Onduparaka, ubatizo wa Ediofe,
picha za pasipoti za waliovuka mpaka usiku
wangali na vumbi kwenye kope,
na moja ya mbuzi, sijui wa nani.

Nikabofya Hamisha.
Zikahama.
Zikafika bubu.

Sikujua kwamba maneno ya baba hayakulala ndani ya picha.
Yalilala pembeni, katika daftari la ile programu,
na lori la kuhama lilipokuja
likapakia vitanda, likapakia vyungu,
likamwacha mzee ameketi sakafuni
ameshika ufunguo.

Maana baba hakuandika majina tu. Aliandika:
*Ocokoru. Deni elfu nane. Asiulizwe, amefiwa.*
*Huyu alicheka nilipokwisha kupiga. Nilichelewa mimi.*
*Saa kumi, baada ya mvua. Hapa falashi ni dhambi.*

Na tarehe je?
Folda nzima imeamka ikiapa
ilipigwa tarehe mosi Januari, sabini.
Siku hiyo baba alikuwa bado ananyonya.
Lakini kompyuta haibishani na mtu: siku hiyo moja
Arua yote ilioa, ikazika, ikavaa majoho ya chuo,
ikapanga foleni mpaka ukingoni mwa Enyau,
na kichanga kimoja mgongoni mwa mamaye
kikaiambia: kidevu juu, usipepese.

Kisha programu mpya, kwa adabu za mgeni
anayetaka kujua nani ni nani nyumbani,
ikaanza kuuliza nyuso.
Ikaleta mbili, bega kwa bega:
mama, miaka kumi na tisa, sare ya chuo cha ualimu;
na Letaru wangu, juzi, anatafuna muwa.
*Je, ni mtu mmoja?*
Ndiyo. Hapana. Sina hakika.

Letaru, aliyekataa katakata kulala,
akapitisha kidole juu ya bega langu
akabonyeza Ndiyo.

Hawakuwahi kuonana, hawa.
Mkono wangu ulikwisha kwenda kusahihisha
ukarudi.
Nikasema, haya, wakae folda moja leo.
Kesho tutaona.

Sasa nafanya kwa mkono. Nafungua ya zamani, nasoma,
nafunga, nafungua mpya, naandika.
Diski inakohoa. Nanakili na makosa yake yote,
*falashi* ibaki *falashi*.
Nimefika arobaini na mbili.
Kwa mwendo huu nitamaliza Letaru akiwa na wajukuu.

Kwa Ocokoru nilisita.
Jana tu nilimpita sokoni, anapanga angara juu ya gunia,
akaniongezea mbili bila kusema kitu.
*Deni elfu nane*, nikaandika.
*Asiulizwe.*
Nikaitazama picha yenyewe, kwa mara ya kwanza bila haraka:
mama mkubwa, kofia ya kuazima, macho yamevimba,
pazia la bluu lenye maporomoko ya maji yasiyo ya kwetu,
na chini kabisa, penye pindo,
ncha ya kiatu cha kahawia kilichoshonwa kwa uzi mweupe.
Alikuwa amelishika pazia lisianguke.
Nani basi alibonyeza kamera?

Programu imeviringa uso wa Ocokoru, inangoja jina.
Kiatu haikukiuliza.