Daftari la Langoni

Lango hufunguliwa saa mbili, ukungu upende usipende.
Nami, Sajini Pagaduan, mtu wa bondeni,
miaka kumi na tisa huku juu Baguio na baridi bado haijanizoea,
nafungua daftari lenye safu saba:
jina, utokako, kitambulisho, unayemwona,
saa ya kuingia, ulichobeba, saa ya kutoka.

Wageni ni wale wale wenye sura mpya.
Mama aliyepika usiku kucha, kuku wake kamfunga kwa taulo;
mchumba aliyekuja na viatu vya harusi kwenye kokoto;
watoto wa shule wanaotaka kuupanda mzinga.
Nawaambia: mzinga huo haujakohoa tangu babu zenu wakitambaa.
Ghalani hapaingiwi. Nyasi hazikanyagwi.
Picha, pigeni, ila si upande ule.

Kisha nawapa historia kwa dakika nne, kama nilivyopewa:
kwamba mabweni ya kwanza yaliezekwa nyasi;
kwamba vita vilipofika, kadeti walivishwa vyeo kabla ya mitihani
wakateremka mlimani na bunduki zilizowazidi umri;
kwamba majina yao yako makumbusho, ukutani,
herufi za shaba, husuguliwa kila Jumatano.
Hapo nanyamaza kidogo.
Maelekezo yameandika: hapa nyamaza kidogo.

Jumapili moja ya Februari akaja Otilia Camdas,
Mwibaloi, mgongo umepinda kama mundu,
kikapu nyuma, mkanda wake umepita kipajini.
Jina, akatoa. Kitambulisho, akatoa.
Unayemwona?
"Bibi yangu."
Nikapekua orodha ya maafisa, ya walimu, ya wapishi.
"Yuko kikosi gani?"
Akanyoosha kidole kupita bega langu, kupita jukwaa,
hadi kona ya uwanja wa gwaride
ambako nyasi, zikatwe vipi, huwahi kurefuka.
"Pale palikuwa zizi. Nyumba ilikuwa kando yake.
Sisi wetu tulikuwa tukiwalaza chini ya sakafu.
Walipokuja na kamba za kupimia
sakafu iliondoka, yeye akabaki."

Dakika zangu nne zikanikauka mdomoni.
Huwa zinaanzia kwenye jiwe la msingi.
Hakuna aliyewahi kuniambia
jiwe lenyewe liliwekwa juu ya nini.

Kikapuni: wali, nyama ya nguruwe iliyokaushwa moshini,
na chupa ya tapey, pombe ya mchele,
imezibwa kwa jani la mgomba.
Kanuni ya kumi na moja: kileo hakipiti.
Na juu ya kichwa changu, kwenye tao la lango,
kiapo cha kila kadeti, kimechongwa:
kutosema uongo, wala kumvumilia ausemaye.

Nikang'ata kalamu.
Safu ya sita nikaandika: maji.

Nilimsindikiza mwenyewe.
Gwaride lilikuwa likirudi, buti mia sita
kama mvua ya mawe juu ya bati,
na mbele yake kijana Dulnuan, wa Ifugao,
akamwona kikongwe amechutama, chupa imeinama.
Alichokijua, sikijui. Najua sauti ilimkatika,
kisha akaamuru kulia geuka
mahali ambapo, tangu uwanja uwe uwanja, hapana kulia geuka,
na kikosi kizima kikapinda, kikaizunguka kona ile
kama mto uzungukavyo mwamba.

Alitembezwa saa ishirini, bunduki begani, peke yake, kwenye manyunyu.
Walipomuuliza sababu alijibu: "Palikuwa na mtu, bwana."
Yeye hakusema uongo.
Mimi nililala na neno maji.

Lakini siku ile, mchana, Otilia alirudi langoni,
kikapu chepesi, magoti yana udongo.
Nikamuuliza, kama inavyotakiwa, saa ya kutoka.
"Yangu andika saa tisa," akasema.
"Ya bibi iache wazi."