Wati Mia Mbili

Ng'ong'ona, saa kumi usiku. Upepo umelala,
mashine ya kusaga ya Chilongani imezimwa,
treni ya mwisho ilishapita Ihumwa.
Sasa naweza kuwasha.

Unyuzi wa kioo, mwembamba kama unywele wa mwanangu,
umeviringwa kwenye sahani ya shaba
kama kamba ya ndama.
Mwanga unaingia mchanga, unatoka mtu mzima:
wati mia mbili, na jicho haliuoni.

Juzi uliungua. Kivumbi kimoja tu kwenye kiungo,
cheche ikarudi kinyumenyume ikiila njia yake yenyewe,
nikabaki na harufu,
na miezi minne ya kazi kiganjani.

Nguvu ninayo. Nisichonacho ni utulivu.
Nyota mbili ziligongana kabla mtama haujapata jina;
mtikisiko wake ukitufikia
ni mdogo mno, hata vumbi la Dodoma ni mlima kwake.
Utasikikaje, mwanga wenyewe ukiwa na kwikwi?

Napumulia pembeni, ndani ya kanga.
Mstari kwenye skrini unanyooka.
Dakika tatu. Sita. Tisa.

Kisha jogoo wa mama Nhonya,
na mstari ukaruka.