Pindo la Ndani

Kipimo chako cha kwanza nilikiandika nyuma ya kadi ya kiwanda:
kifua themanini na nane, kiuno sabini na moja.
Tulikuwa bado tunanuka mafuta ya giaboksi,
wewe mashine ya saba, mimi ya nane,
na msimamizi akituita sote Burajiru,
kana kwamba nchi nzima imeajiriwa zamu ya usiku.

Kule Londrina walikuita Mjapani.
Dukani kwa baba yako, kati ya trei za mayai,
wateja walivuta macho yao kwa vidole, wakacheka.
Ukavuka bahari kuifuata sura yako.
Hamamatsu wakaitazama sura,
wakasikia Kijapani cha babu, cha miaka sitini nyuma,
wakakurudisha kama chenji mbovu.

Samba hukuzaliwa nayo, Ivanilde. Hilo nalijua mimi.
Kwenu ni udongo mwekundu na mibuni iliyoungua kwa baridi.
Ulijifunza bwenini, kwa kanda ya video,
soksi miguuni ili wa chini wasigonge dari,
ukirudisha nyuma, ukirudisha nyuma,
hadi utepe ukachakaa na mchezaji akapoteza uso.
Miguu yake ikabaki. Ukaichukua.

Kwanza sherehe ya wauza magari, Toyohashi.
Halafu Nagoya. Halafu kijana mwenye kalamu mbili sikioni
akasema Tokyo inataka jua, na jua ni wewe.
Wakakupa jina: Nana Mananasi.
Wakakupa kasuku wa plastiki.
Wakakwambia, vunja maneno,
Kijapani chako kimenyooka mno, hakichekeshi.
Wewe uliyefundishwa herufi kwa fimbo
ukaanza kujifunza kukosea.

Nikakufuata na sindano zangu.
Vazi kilo kumi na moja, manyoya ya bata yaliyotiwa rangi,
nami pini midomoni, siwezi kutia neno.
Machi: nipunguzie kiunoni, Dona Zilá.
Juni: punguza tena.
Mkobani vidonge vya kulala, vidonge vya kuamka,
zamu mbili zisizosalimiana mlangoni.
Nikakunja pindo la ndani, nikakunja juu ya kunjo.
Magazeti yakaandika: anang'aa.

Na ile siku ya baba yako.
Saa mbili usiku hapa, saa mbili asubuhi kwenu:
saa za ukutani zilikubaliana,
jua tu ndilo lililobisha.
Kule wanafunika jeneza, huku wanahesabu tatu, mbili, moja.
Mkataba ulisema kipindi hakiahirishwi.
Ukaingia. Ukaulizwa jina la tunda,
ukakosea kama ulivyofundishwa,
studio ikaanguka kwa kicheko.
Mimi nyuma ya pazia, uzi mwekundu mkononi,
niliuona mgongo ambao kamera haikuuona:
kulabu ya tatu imefyatuka,
na ngozi chini yake inapanda, inashuka, inapanda.

Jana umekuja, huna kope za bandia,
vazi limo ndani ya mfuko wa mchele.
Hukusema punguza. Umesema: fumua.

Nimefumua kunjo moja, la pili, la nne.
Ndani kitambaa kilikuwa kipya,
njano ileile ya siku ya kwanza,
haijaonja taa hata moja.
Umeigusa kwa kidole, kama mtu anayepima moto wa pasi.

Halafu ukauliza kama mashine ya saba ina mtu.

Sikujibu. Nilikuwa na pini midomoni.