Blanketi la Mlima

Kila Mei, kabla theluji haijaanza kutoka jasho,
twapanda kwa winchi, watu kumi na wawili,
kuufunika mlima.

Kitambaa ni cheupe, kikilowa ni mzigo.
Twakitandaza jora kwa jora, twakishona kwa mashine ya mkono,
twakikandamiza kwa mifuko ya mchanga upepo usikivue.
Reto, msimamizi, hapendi mkunjo.
Vuteni, asema, vuteni,
utadhani kuna mgeni atalala hapa.

Mofizul hutandika kimya.
Kwao ni Bhola, ambako mto ulimeza
shamba la pilipili, kisha choo, kisha kaburi la babake.
Siku ya kaburi, aliniambia mara moja tu,
hakuna aliyeleta hata gunia.

Nami nimjibu nini? Mimi ni wa hapa.
Baba aliendesha lifti ya watelezaji miaka thelathini;
ada yangu, viatu vyangu, meno yangu yaliyonyooshwa,
vyote vilitoka kwenye barafu hii.

Machi, halmashauri ilipiga kura.
Fedha za blanketi: mikono juu,
zikapita kahawa ingali moto.
Ajenda ya saba, mchango kwa nchi za mafuriko,
ikaahirishwa. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka.
Na mimi nililiwahi.

Agosti wageni hupanda kupiga picha.
Mtoto mmoja akauliza: Mlima unaumwa?
Mamake akasema: La, umelala tu.
Mficha maradhi kifo humuumbua,
na sisi tumeyaficha kwa hektari nne za kitambaa.

Kwetu, alisema Mofizul akikaza fundo,
nguo kama hii mtu huvishwa mara moja.

Septemba tukaifunua.
Palipofunikwa, barafu ilikuwa imesimama kama ukuta;
kando yake, palipoachwa wazi, mawe na tope la kijivu.
Mofizul akashuka topeni, akauegemea ule ukuta,
akaweka kiganja utosini, akajipima.

Kimo changu hasa, akasema.
Mmeokoa kimo changu.

Reto akacheka, akatazama saa.
Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kitambaa;
maji yakanichuruzika viganjani, yakaingia mikononi mwa koti,
yakanifika kwenye viwiko,
ya baridi, safi kabisa,
nisijue pa kuyamwaga.